Koilova kwa Gari la Kila Siku: Nunua Shokapu, Usinunue Kimo

Swali linaloletwa gereji kuliko mengine siku hizi ni hili: "Fundi, nina Impreza, naendea kazini kila siku, na mara mojamoja naingia nayo saketini. Nifunge koilova gani?" Anayeuliza huwa tayari ana picha kichwani: gari limelala chini, tairi limejaa kwenye madigadi, pengo lote limekwisha. Namwelewa, maana gari la namna hiyo linapendeza macho. Lakini kimo ndicho kitu cha mwisho kuangaliwa. Wanaoanza nacho huishia na gari linalowapasua mgongo barabarani na, jambo wasilolitegemea, linalochelewa saketini kuliko lilivyokuwa na springi zake za kiwandani.

Nitaeleza kwa kutumia gari moja, Subaru Impreza WRX ya kizazi cha 2000 hadi 2007. Imejaa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, imekuja mtumba kutoka Japani, na saspensheni yake inaeleweka haraka: mbele na nyuma inabebwa na shokapu za mtindo wa MacPherson, yaani springi imeizunguka shokapu, na shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayolishika gurudumu lisimame wima.

Kwa hiyo gari hilo tayari lina springi juu ya shokapu tangu kiwandani. Koilova inaongeza hesi. Mwili wa shokapu umekatwa hesi kwa nje, na sahani inayokaliwa na springi inapanda na kushuka kwenye hesi hizo ili fundi apange kimo anachotaka. Nyingi huja pia na springi ngumu zaidi na nobu ya kurekebisha ukinzani wa shokapu. Kimo ndicho kinachoonekana kwenye picha, ndiyo maana ndicho kinachotangazwa. Springi na shokapu ndivyo vitakavyoamua kama utalipenda gari lako au utaliweka sokoni baada ya miezi michache.

Tuanze na springi, maana hapa hesabu ndogo inaokoa fedha nyingi. Watengenezaji wa Japani na Taiwan huandika ugumu wa springi kwa kilo kwa milimita: springi ya kilo 8 hubonyea milimita 1 kwa kila kilo 8 zinazowekwa juu yake. Wa Ulaya huandika kwa nyutoni kwa milimita, Wamarekani kwa pauni kwa inchi. Kilo 1 kwa milimita ni sawa na nyutoni 9.81 kwa milimita, au pauni 56 kwa inchi. Basi springi iliyopigwa namba 450 Marekani ni ileile ambayo Mjapani anaiita ya kilo 8. Usishangae namba kubwa. Tazama kwanza kipimo.

Lakini hata ukijua kipimo, namba hiyo haikuambii kitu mpaka ujue inabeba uzito gani. Wahandisi huangalia masafa: ukilibonyeza gari ukaliachia, na kama shokapu zisingekuwepo, lingepanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde? Gari la familia huwa kati ya mara 1 na 1.5. Gari la michezo la barabarani hufika 1.5 hadi 2. Gari la mashindano lisilo na mabawa huenda 2 hadi 2.5, na yale ya formula yenye mabawa hupita 3, kwa sababu upepo unayasukuma chini kwa nguvu kubwa na kimo chake hakitakiwi kuyumba.

Sasa pima Impreza. Likiwa na dereva ndani, kila kona ya mbele inabeba takribani kilo 375 ukishaondoa uzito wa gurudumu, breki na vitu vinavyotembea navyo. Kila kona ya nyuma inabeba takribani 265. Springi ya mbele ya kilo 5 italipa gari masafa ya karibu 1.7. Springi ya kilo 8 italipeleka karibu 2.2, na ya kilo 10 itapita 2.4. Yaani seti ya kilo 8 au zaidi mbele, ambayo wauzaji wengi huiita ya "mtaani", inakuweka tayari kwenye eneo la gari la mashindano. Kwenye lami ya saketi, laini kama meza, gari la hivyo linaweza kwenda vizuri. Kwenye barabara ya kutoka nyumbani hadi kazini, yenye viraka, matuta na zile rasta zinazopangwa kabla ya vivuko, gurudumu linaruka badala ya kufuata barabara. Na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona.

Kwa gari la kila siku linaloingia saketini mara mojamoja, mimi nasimama kwenye masafa ya 1.6 hadi 1.9. Kwa Impreza hii hiyo ni kilo 5 mbele na 4 nyuma, au karibu na hapo. Angalia kwamba nyuma ni laini kwa namba, lakini kwa kuwa inabeba uzito mdogo, masafa yake yanatoka karibu 1.8, juu kidogo ya mbele. Hilo limekusudiwa. Mhandisi Maurice Olley, aliyefanya kazi General Motors miaka ya 1930, ndiye aliyeonyesha kwamba gari likivuka tuta, mbele hubonyea kwanza na nyuma huchelewa. Nyuma ikiwa na masafa ya juu kidogo huifikia mbele, na gari linatulia sawa badala ya kubembea kama mtumbwi. Ukiona seti yenye springi za nyuma laini kupita kiasi zikilinganishwa na za mbele, abiria wa nyuma ndiye atakayekupa habari.

Tahadhari moja kwa wenye magari mengine. Kwenye Toyota Altezza au Mazda MX-5, ambako gurudumu linashikwa na mikono miwili, juu na chini, springi haikai usawa wa gurudumu; inakaa ndani zaidi, kwenye mkono. Tuseme springi inasogea milimita 0.7 kila gurudumu likisogea milimita 1. Ugumu unaofika kwenye gurudumu ni 0.7 mara 0.7, yaani kama nusu tu. Springi ya kilo 10 hapo inafanya kazi ya kilo 5. Ndiyo maana huwezi kunakili namba za rafiki yako mwenye gari la aina nyingine ukategemea matokeo yaleyale.

Nije kwenye jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, na ambalo haliandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi lolote: mwendo wa shokapu. Mwendo ni urefu ambao fimbo ya shokapu inaweza kuingia na kutoka. Gari likiwa limesimama, sehemu ya mwendo huo imebaki kwa ajili ya kubonyea, gurudumu likipanda tuta, na sehemu nyingine kwa ajili ya kushuka, gurudumu likifuata shimo. Kwenye koilova ambazo kimo kinapangwa kwa sahani ya springi pekee, ukilishusha gari milimita 30 umekata milimita 30 kwenye upande wa kubonyea. Hakuna mahali pengine zinapoweza kutoka. Kwenye zile ambazo shokapu nzima inazungushwa kwenye bano lake la chini, mwendo unabaki mzima, lakini hapo kinachofika mwisho ni tairi kugusa madigadi, au mkono wa chini kufika pembe isiyofaa.

Kwenye fimbo ya shokapu, upande wa juu, kuna raba ya povu gumu inayozuia chuma kisigonge chuma. Raba hiyo ni sehemu ya springi: ikianza kubanwa, ugumu wa kona ile unapanda ghafla mara kadhaa. Gari lililoshushwa mno huishi likiwa limeikaribia au limeikalia. Dereva huingia konani, gari linalala kidogo, raba inabanwa, na tairi la nje linapata mzigo kwa pigo moja badala ya polepole. Linateleza. Dereva hulaumu matairi au hununua springi ngumu zaidi, na tatizo halijaguswa.

Kuna kipimo cha kujua ukweli, na hakigharimu hata nauli ya daladala. Chukua kamba ya plastiki ya kufungia waya, ifunge kwenye fimbo ya shokapu, ibane kiasi cha kutosha isianguke yenyewe, kisha isukume ikae juu ya sili. Kata mkia uliobaki usije ukakwaruza fimbo. Endesha njia yako ya kila siku, matuta na yote. Ukirudi, linyanyue gari mbele kwa jeki utazame: kamba itakuwa imesukumwa hadi pale shokapu ilipobonyea zaidi. Ikiwa imezama ndani ya raba kila siku kwenye safari ya kawaida tu, gari lako liko chini mno au springi zako ni laini mno kwa kimo hicho. Ikiwa imebaki mbali na raba hata baada ya siku nzima ya saketi, una nafasi ya kulainisha. Hakuna fundi mwenye maneno matamu anayeweza kubishana na kamba hiyo.

Watu wengi pia huamini kwamba kuikaza springi kwa sahani kunaifanya iwe ngumu. Springi ya kawaida, ambayo mizunguko yake imepangwa sawa, haibadiliki ugumu kwa kukandamizwa kabla. Ya kilo 5 inabaki ya kilo 5. Kinachobadilika ni mahali gari linapokaa kwenye mwendo wa shokapu, yaani kiasi gani kimebaki juu na kiasi gani chini. Ni kifaa kizuri mikononi mwa anayejua anachogawa.

Kuhusu kushusha gari, MacPherson ina tabia yake. Mkono wa chini ukiwa umelala sawa na ardhi, au ncha yake ya gurudumuni iko chini kidogo, mambo ni mazuri. Ukilishusha gari mpaka mkono ukaelekea juu upande wa gurudumu, kile kitovu ambacho gari hulalia konani kinashuka haraka kuliko uzito wa gari wenyewe ulivyoshuka. Matokeo ni kwamba gari lililo chini linalala zaidi konani kwa springi zilezile. Tairodi nazo zinabadilika pembe, na usukani unaanza kuvutwa kila gurudumu linapopanda na kushuka. Milimita 20 hadi 25 chini ya kimo cha kiwandani zinatosha kwa matumizi haya. Zaidi ya hapo unalipa kwa mshiko ili upate sura.

Sasa shokapu zenyewe. Fimbo ya shokapu huenda polepole gari linapolala konani au linapofunga breki, na huenda kasi sana gurudumu linapoingia shimoni. Shokapu nzuri hukaza kwenye mwendo wa polepole, ili gari litulie, kisha hufungua njia ya oili kwenye mwendo wa kasi, ili shimo lisipitishe pigo lote kwenye bodi. Shokapu mbaya hukaza kotekote au hulegea kotekote. Hapa ndipo fedha yako inapokwenda unaponunua kitu cha bei, na inastahili kwenda hapo. Öhlins ya Uswidi, iliyoanzishwa na Kenth Öhlin mwaka 1976, huweka kwenye koilova zake za Road & Track valvu ya ziada inayofungua njia pande zote mbili, shokapu ikibonyea na ikirefuka, kwa ajili ya mapigo ya kasi. Mtu aliyezoea koilova za bei nafuu akiliendesha gari lenye hizo kwenye barabara mbovu huuliza kama kweli limefungwa koilova.

Kuna miundo miwili ya ndani. Ya tanki moja ina pistoni kubwa, oili upande mmoja na gesi ya shinikizo upande mwingine, zikitenganishwa na pistoni inayoelea. Inapoa haraka na haitoi povu, ndiyo maana wakimbiaji wanaipenda. Bilstein wa Ujerumani waliileta kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957, na ndiyo iliyowapa jina. Udhaifu wake ni kwamba jiwe likiubonyeza ukuta wa tanki, pistoni inakwama, maana inapita kwenye ukuta huohuo. Ya matanki mawili ina tanki ndani ya tanki. La nje likibonyea kidogo kazi inaendelea. Inatoa pia mwendo mrefu zaidi ndani ya urefu uleule wa shokapu, kwa kuwa gesi haikai kwenye njia ya fimbo. KW wa Ujerumani wamejenga bidhaa zao nyingi za barabarani juu ya muundo huu. Kwa anayepita barabara za kokoto kila wiki, mimi humwelekeza kwenye matanki mawili bila kusita.

Nobu zisikulevye. Seti ya BR ya BC Racing, ambayo inaonekana sana mitaani, ina nafasi 30 za kurekebisha kwa nobu moja. Nobu moja hubadilisha kubonyea na kurefuka kwa pamoja; ukikaza ili springi isirudi kwa kurusha, umekaza pia upande unaopokea shimo. Idadi ya nafasi haina maana yoyote kama kila nafasi haibadilishi kitu kinachopimika. KW Variant 1 na Bilstein B14 hazina nobu hata moja ya ukinzani. Watengenezaji wamepanga shokapu ziendane na springi zake, wakakuachia kimo tu. Kwa mtu anayeingia saketini mara chache kwa mwaka, naona hiyo ni heri kuliko nobu nne asizojua kuzitumia. Ila usije ukazibadilishia springi ngumu zaidi bila shokapu kufunguliwa na kupangwa upya, kwa sababu springi yenye nguvu kuliko shokapu yake hurusha gari.

Mazingira nayo yana kauli. Koilova nyingi za Asia huja na maunti ya juu yenye boli ya chuma badala ya raba. Usukani unakuwa mwepesi kujibu, hilo ni kweli, na kwa mbele fundi anaweza pia kubadilisha kemba, yaani kulaza tairi kwa ndani, kwa kulegeza bolti nne. Lakini vumbi likiingia kwenye boli hiyo, inaanza kugonga, na kelele hiyo hupanda moja kwa moja hadi ndani ya gari. Kama njia yako ina vumbi, baki na maunti za raba na utafute kemba kwa bolti maalumu za chini. Kwa wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Muscat adui ni chumvi. Hesi za chuma cha kawaida zikishika kutu, sahani ya alumini hugandia juu yake na hapo kimo chako kimekuwa cha kudumu. Nunua mwili wa chuma kisichoshika kutu, au safisha hesi kwa brashi na uzipake kinga kila unapofanya sevisi. Usizungushe sahani kamwe hesi zikiwa na mchanga.

Kabla hata ya kutoa fedha ya koilova, tazama matairi yako. Tairi ndilo pekee linalogusa lami. Gari lenye matairi mazuri na shokapu mpya za kiwandani litaliacha nyuma gari lenye koilova ghali na matairi ya kuokoteza. Kisha breki: pedi zinazovumilia joto na oili mpya. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi joto 205, DOT 4 kabla ya 230. Lakini zikishanyonya unyevu viwango hushuka hadi 140 na 155. Saketini joto hilo linafikiwa haraka, na pedali inazama sakafuni. Bushi zilizochoka za mikono pia zitoke kwanza, la sivyo koilova zako zitakuwa zinashika gari ambalo magurudumu yake yanajiendea.

Koilova za mtumba kutoka Japani zinavutia kwa bei. Nyingi ziliuzwa kwa sababu zilikwisha. Ukilazimika kununua, isimamishe shokapu, iondolee springi, ibonyeze hadi mwisho kwa uzito wako: iende kwa ukinzani ulio sawa njia nzima, bila pengo la ulegevu. Pitisha ukucha kwenye fimbo. Ukikwama popote, sili itakatika hata ukiweka mpya. Na uulize kama kuna mtu nchini mwako anayeuza sili za seti hiyo. Kama hayupo, hesabu kwamba umenunua vyuma.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi kwa jambo moja. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwenye magurudumu yake, si likiwa linaning'inia kwenye stendi. Bushi iliyokazwa gari likining'inia inabaki imejipinda siku zote, inaongeza ugumu usioutaka, na inapasuka mapema. Baada ya hapo kwenda kupima alaimenti si hiari. Kemba ya nyuzi 1.5 kwa ndani mbele inafaa kwa matumizi ya kila siku. Saketini Impreza itataka 2.5 au zaidi, la sivyo bega la nje la tairi litachakaa siku hiyohiyo. Kinachomaliza matairi barabarani mara nyingi ni ncha za magurudumu kuelekea nje au ndani kuliko kemba yenyewe, basi ncha hizo zielekee mbele sawasawa. Baada ya kilomita mia kadhaa rudi gereji bolti zikazwe tena, kwa sababu springi mpya hujikalisha. Na iarifu kampuni yako ya bima kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa.

Ukienda dukani, uliza mambo matatu: springi ni kilo ngapi mbele na nyuma, mwendo wa shokapu ni milimita ngapi, na sili zake zinapatikana wapi. Muuzaji anayeijua kazi yake atakujibu bila kufungua katalogi. Akianza kukuonyesha picha za magari yaliyolala chini, mshukuru na uende duka lingine.